Kombe la mlangoni mwa pweza, Msimbati: ni voluti kweli au tunajidanganya?

#1 BintiRuvula
Habari za jioni wakuu. Naomba macho yenu.

Mama yangu mkubwa anachokoa pweza hapa Msimbati, Mtwara, tangu mimi sijazaliwa. Bamvua iliyopita maji yalikupwa sana, akafika ukingo wa mwamba ambako siku nyingine hafiki. Kwenye mlango wa nyumba moja ya pweza akakuta mabaki ya siku zote, magamba ya kaa na vipande vya chaza, na katikati yake kombe hili. Anasema kwa miaka yote hiyo hajawahi kuokota la namna hii, ndiyo maana hakulitupa. Amenipa mimi kwa kuwa anajua navyopenda makombe.

Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku leo mbovu, kwa hiyo nalieleza. Urefu sentimita 9.4 kwa rula ya shule. Jembamba, limechongoka juu na chini kama pia iliyovutwa. Rangi ya chai ya maziwa, na mistari ya kahawia iliyokatikakatika inalizunguka. Lina mbavu nyembamba zinazoshuka toka juu hadi chini. Kwenye mzunguko wa mwisho nimehesabu 19. Ndani ya mdomo, kwenye nguzo ya katikati, kuna mikunjo kama ya kidole kilichokaa sana majini. Ncha ya juu ina ukoko mweupe, siioni. Na pembeni karibu na mnara kuna tundu dogo: sindano ya kushonea nguo inapita, ya magunia haipiti.

Nimesoma kidogo nikaona konokono wa baharini wanaofanana naye wanaitwa voluti. Je, tunaye huku kusini?

#2 Korosho_ya_Newala
Hilo ni Harpa, konokono wa baharini wa aina nyingine. Mbavu ndiyo alama yake. Ninayo matano nyumbani. Kesi imeisha.

#3 FundiDema
Kesi haijaisha, mkuu. Harpa ana tumbo kubwa na mdomo mpana, ukimlaza mezani anakaa kama bakuli. Huyu kaelezwa mwembamba. Na nguzo ya Harpa ni laini kabisa, haina mkunjo hata mmoja, ina baka la kahawia linalong'aa kama limepakwa vanishi. Binti, angalia hapo.

Harpa namjua kwa sababu alishanitoa jasho. Nilimshika usiku kwenye mchanga, akakata kipande cha nyuma cha unyayo wake mwenyewe, kikabaki kinatapatapa mkononi mwangu, yeye akazama. Nilidhani nimemuua, kumbe ndiyo kinga yake: kaa akimkamata anaachiwa kipande, mwenyewe anaondoka.

#4 BintiRuvula
Baka hakuna. Mikunjo ipo, nimepitisha ukucha unakwama.

#5 TichaPwani
Mkunjo mkubwa kuliko yote uko juu au chini? Shika kombe mnara ukiwa juu, mdomo ukikutazama, halafu jibu. Hilo ndilo swali la kwanza kabla hatujataja jina lolote.

Sababu yake ni hii. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1758 alipoanza kuwapanga, kila kombe lenye mikunjo kwenye nguzo alilitupia jina Voluta. Humo ndani wakaingia voluti wenyewe, wakaingia konokono wa aina ya Mitra, wakaingia na wengine wasiohusiana. Lamarck, mtaalamu wa Ufaransa, ndiye aliyekuja kuwatenganisha, na kipimo chake hadi leo kinafanya kazi: kwa Mitra mkunjo wa juu ndio mkubwa na inayoshuka inazidi kuwa midogo, kwa voluti mkubwa uko chini, karibu na pengo la mrija. Watu wanatazama rangi na mbavu, lakini rangi hubadilika kwa jua na mbavu husagika kwa mchanga. Nguzo iko ndani, imelindwa.

#6 Sadala_Mchinga
Mimi naweka Mitra kabla hata hajajibu. Huku Mchinga watoto wanayaleta kila bamvua, marefu, mazito, meupe yenye madoa ya rangi ya chungwa. Likikaa juani madoa yanafifia yanakuwa ya kahawia. Urefu wa sentimita tisa, kumi, ndio wake huo.

#7 Korosho_ya_Newala
Madoa hayageuki mistari, Sadala. Na Mitra unayemsema ngozi yake nyororo, hana mbavu.

#8 Sadala_Mchinga
Wewe uliyefunga kesi kwa Harpa ndiyo unanifundisha Mitra leo?

#9 BintiRuvula
Nimelishika chini ya taa kama Ticha alivyosema. Mkubwa uko CHINI. Mikubwa ni mitatu. Juu yake vinafuata vikunyanzi vidogovidogo, vilipofika saba nikaacha kuhesabu maana vinapotelea ndani.

#10 TichaPwani
Mwanangu, umenifurahisha usiku huu.

Mikunjo mikubwa miwili au mitatu chini na vikunyanzi vingi juu yake ni tabia ya jenasi ya Lyria, ambayo ni ya ukoo wa voluti. Na kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki kuna mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mbavu nyingi: Lyria lyraeformis, aliyepewa jina na Swainson mwaka 1821. Lyria maana yake inatokana na kinubi cha Wagiriki, tungeweza kusema zeze, kwa ajili ya zile mbavu zilizopangana kama nyuzi. Kwa hiyo Korosho hakukosea sana: Harpa ni jina la ala ya nyuzi, na huyu naye ni ala ya nyuzi. Waliowapa majina waliona kitu kilekile ulichoona wewe.

Lakini usiandike jina bado. Nataka uone ncha. Voluti hutoka yaini akiwa tayari ana nyumba yake, kwa hiyo ncha ya kombe lake huwa butu, mviringo, kama kichwa cha kiberiti. Mitra ncha yake huwa kali.

#11 MamaKome
Nauliza mimi ninayeuza kome pale sokoni: analiwa?

#12 FundiDema
Wa kwetu sijaona mtu kamla, maana wa kuvua hawapo wa kutosha. Lakini ndugu zake wa Afrika Magharibi, Cymbium, wanaliwa sana. Senegal humwita yet, wanamkausha na kumwacha achachuke mpaka anuke, halafu kipande kidogo kinatiwa kwenye wali wa samaki. Nilifanya kazi melini na Msenegali mmoja, alikuwa nacho kwenye mkebe. Harufu yake ikifunguliwa chumba kizima kinajua. Wali wake lakini ulikuwa mtamu, sina cha kusema.

#13 MamaKome
Basi ni kama ng'onda wetu. Mkipata wengi mniletee nijaribu na nazi.

#14 NahodhaMstaafu
Salamu zenu vijana. Mimi nawaambia huyo si wa Msimbati, kaletwa na maji. Tazameni tulipo. Ule mkondo mkubwa unaotoka mashariki kuvuka Bahari ya Hindi unakuja kugonga bara hapa hapa kwetu, kati ya Mtwara na Cabo Delgado, halafu unagawanyika: mkono mmoja unapanda kaskazini kwenda Mafia, Unguja na Kenya, mkono mwingine unashuka Msumbiji. Nimeendesha mashua ndani yake, kusi ikivuma unauona kwa macho. Kila kitu kinachoelea kutoka Komoro na Madagaska na mbali zaidi, mlango wake wa kwanza ni sisi. Nimeokota Ruvula mbegu za miti nisiyoijua na vyupa vyenye maandishi ya Asia. Kombe geni mlangoni mwa pweza halinishangazi.

#15 TichaPwani
Shikamoo Nahodha. Mkondo nakubali, tena ndivyo wanavyousoma wataalamu wa bahari. Lakini kwa voluti kuna tatizo. Konokono wengi wa baharini wana watoto wanaoelea, hao ndio wanaosafirishwa na mkondo wiki na miezi. Voluti hana mtoto wa kuelea. Mama anabandika vifuko vya mayai kwenye jiwe au kombe, mtoto anakulia humo, anatoka akitambaa. Alipozaliwa ndipo anapoishi. Ndiyo sababu kila kipande cha bahari kina voluti wake: Australia wao, Karibiani wao, Afrika Kusini wao. Mkondo unampita juu ya kichwa.

Na kombe tupu la sentimita tisa linazama.

#16 Msanga_Mkuu_Boy
Linazama? Mimi nimeokota kombe zima la nautilo, yule jamaa wa pweza mwenye kombe, ufukweni Msangamkuu, mweupe na michirizi ya kutu, na hapa hakuna nautilo hai. Alikujaje kama makombe yanazama?

#17 TichaPwani
Nautilo ana vyumba ndani vilivyofungwa vyenye hewa. Akifa anaelea miezi mingi, ndiyo maana anafika hadi huku. Kombe la konokono ni bomba moja lililo wazi, maji yanajaa mara moja. Hilo la nautilo lakini litunze na usiliuze nje: tangu 2017 wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

#18 NahodhaMstaafu
Aleikumsalaam Ticha, marahaba. Umesema mayai yanabandikwa juu ya kitu. Na kitu hicho kikiwa gogo? Au jani la nyasi za bahari liling'oka na dhoruba? Nimeona magogo yanafika yamevaa viumbe kama nguo. Mama akabandika yai kwenye gogo, gogo likaondoka.

#19 TichaPwani
Hapo siwezi kukupinga, babu. Inawezekana.

#20 Sadala_Mchinga
Tunazunguka. Ncha ndiyo itaamua. Binti, chukua ndimu mbili, kamulia kwenye bakuli, loweka usiku mmoja, asubuhi ukoko wote umetoka.

#21 FundiDema
USITHUBUTU.

Kombe ni chokaa. Ndimu, siki, vyote vinakula chokaa. Utaona vipovu vinatoka ukadhani uchafu unaondoka, kumbe ni kombe lenyewe linayeyuka. Mng'ao hautarudi tena na zile kunyanzi ndogo ndizo zitakazoenda kwanza. Nasema kwa uchungu: nililoweka kululu wa marehemu baba yangu kwenye siki nikiwa na miaka kumi na mbili, nikitaka kumpendezesha. Akatoka mweupe kama chaki. Baba hakunipiga, alikaa tu akimshika. Kululu huyo ninaye mpaka leo.

Tumia maji ya kawaida, mswaki mkuukuu, na kijiti cha mwanzi. Taratibu, siku tatu nne.

#22 BintiRuvula
Ahsante sana, nilikuwa na ndimu mkononi. Pole kwa kululu wa mzee.

#23 KivinjeMkongwe
Ngoja nitie neno jingine ambalo hamjaligusa. Nani kasema kombe lililokutwa baharini lilitoka baharini hapo? Miaka ya nyuma nilinunua kombe zuri kwa muuzaji wa vitu vya watalii, akaniapia ni la Kilwa, kalitoa mwenyewe. Lina miiba mabegani na michoro ya pembetatu. Nililipenda nikaliweka sebuleni miaka sita. Akaja mgeni anayejua, akanionyesha: Cymbiola vespertilio, voluti wa Ufilipino, wanaletwa kwa magunia kuuzwa kwenye fukwe za dunia nzima. Mtalii akinunua Dar akaja Msimbati, akachoka nalo akalirusha majini, pweza akiliokota kosa la nani? Pweza anapenda kukusanya.

Na maandishi nayo yanadanganya. Kuna kombe kubwa la ukoo wa Cassis, Lamarck kaliita madagascariensis akidhani latoka Madagaska, kumbe linaishi Karibiani. Jina halijabadilishwa hadi leo.

#24 Korosho_ya_Newala
Mkuu #23 lakini lake lina mbavu, halina miiba. Lako na lake si kitu kimoja.

#25 KivinjeMkongwe
Sijasema ni kitu kimoja. Nasema njia ndiyo moja. Sisi watu wa Kilwa tunaijua biashara ya makombe kabla ya watalii. Karne ya 19 makampuni ya Hamburg yalikuwa yanapakia simbi za pwani hii kwenda kutumika kama fedha Afrika Magharibi, meli kwa meli. Makombe yanatembea kuliko sisi.

#26 Tendaguru_Jr
Wa Lindi nipo. Mmesahau mawe. Huku kwetu kuelekea Tendaguru, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) kati ya 1909 na 1913, matabaka ya mijusi yamepishana na matabaka ya bahari yaliyojaa makombe ya Trigonia, chaza wa kale. Babu yangu alikuwa na makombe ya mawe anazuilia mlango. Ukoo wa voluti ni wa kale, umeanza tangu zama za mijusi. Mto Ruvuma na vijito vinakata ardhi ya zamani na kuishusha baharini. Inaweza kuwa kombe la jiwe lililosafishwa na mawimbi. Lipime uzito, ligonge kwenye jino.

#27 BintiRuvula
Nimeligonga kwenye jino kweli, mama akaniuliza kama nina njaa. Linalia kama kikombe cha kaure, si kama jiwe. Jepesi, ukiliweka mkononi ni kama yai. Na ukilitazama dhidi ya taa, ukingo wa mdomo unapitisha mwanga wa rangi ya waridi.

#28 Tendaguru_Jr
Mwanga ukipita basi si jiwe. Naondoa hoja. Ila siku ukifika Lindi nitakuonyesha ya babu.

#29 MzeeWaMikindani
Mimi sijui majina ya Kizungu. Nauliza tundu. Bibi zetu hapa Mikindani walikuwa wanatoboa makombe madogo wanayatunga kwenye uzi, watoto wanavaa kiunoni na shingoni. Tundu ambalo sindano inapita ni tundu la uzi. Hilo kombe lilivaliwa na mtu, uzi ukakatika akiwa anaoga au chombo kilizama, likakaa chini mpaka pweza akalipata. Linaweza kuwa na umri kuliko sisi sote humu.

#30 FundiDema
Shikamoo mzee. Sentimita tisa ni kubwa kuvalisha mtoto. Mimi tundu namtuhumu mwenye nyumba mwenyewe. Pweza akishindwa kumvuta konokono kwa nguvu za mikono, anatoboa kombe kwa ulimi wenye meno, anatia sumu humo ndani, konokono analegea, anachomolewa. Tundu lake ni dogo sana na mara nyingi halina duara kamili. Likiwa limechongwa kama faneli, pana nje na jembamba ndani, basi huyo ni konokono mwingine wa mchangani, wale wa ukoo wa Natica. Na la msumari wa mtu linaacha nyufa pembeni.

Binti, lako lina umbo gani?

#31 BintiRuvula
Marahaba za mzee zikufikie #30. Si duara kamili, ni kama mbegu ya ufuta. Nje ni pana kidogo kuliko ndani, lakini kidogo sana. Nyufa hakuna.

#32 FundiDema
Pweza.

#33 Sadala_Mchinga
Pana nje kuliko ndani si ulisema ni Natica?

#34 FundiDema
Nilisema kama faneli. Yeye kasema kidogo sana.

#35 MzeeWaMikindani
Na mbegu ya ufuta ndiyo umbo la tundu la uzi likivaliwa muda mrefu, uzi unalivuta upande mmoja. Mimi nabaki hapo hapo.

#36 Mchokoaji_Sudi
Mmemsahau kaa. Nimevua Sudi miaka kumi na tano. Makombe ya kilindini hayapandi yenyewe, yanapandishwa na wale kaa wanaoishi kwenye makombe ya marehemu. Anaanza kina kirefu, anahama, anaacha, mwingine anaingia, wanalibeba hivyo hivyo mpaka mwambani. Pweza naye kaa ndiyo chakula chake anachokipenda. Kwa hiyo pweza hakumla voluti, alimla kaa aliyekuwa kapanga humo! Dalili ni hizi: chungulia ndani ya mdomo. Ukikuta vijibomba vyeupe vya minyoo au ukoko umejenga NDANI, basi mwenyewe alikufa zamani na nyumba ilipangishwa.

#37 BintiRuvula
Nimechungulia na tochi ya simu. Kijibomba kimoja cheupe kipo, kimejikunja kama mkia wa ngiri, karibu na ukingo. Ndani zaidi pasafi.

#38 Mchokoaji_Sudi
Umesikia Fundi?

#39 FundiDema
Kimoja, tena ukingoni. Wiki mbili nyumbani kwa pweza zinatosha kuota kimoja.

#40 AskariWaMwamba
Samahani kuwakatisha. Msimbati na Ruvula ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Mama mkubwa hana kosa kuchokoa pweza wake kwa taratibu za kijiji, lakini nawaomba msije na magunia baada ya kusoma uzi huu. Ticha kaeleza vizuri: huyu mnyama hana watoto wa kuelea. Mwamba ukikombwa voluti wake, hakuna mkondo utakaoleta wengine kujaza. Kululu wanarudi kwa kuwa watoto wao wanaelea. Huyu akiisha ameisha. Nimeona mwamba mmoja uliovuliwa kwa baruti zamani, mpaka leo una kokoto tupu, unatembea juu yake unasikia mifupa.

#41 MamaKome
Basi mimi nafuta oda yangu ya nazi.

#42 DadaWaDispensari
Na jingine kwa wanaookota gizani. Kombe jembamba lenye michoro ya kahawia si lazima liwe Mitra wala voluti. Koni nao wana michoro mizuri, Conus geographus na Conus textile wote wako kwetu, wana mshale wenye sumu unaotoka upande mwembamba. Geographus ameshaua watu, na dawa ya kuondoa sumu yake haipo. Mgonjwa anasaidiwa kupumua mpaka sumu iishe. Koni hana mnara mrefu, hana mbavu, mdomo wake ni ufa mrefu ulionyooka. Kama huna hakika, usimtie mfukoni. Sumu hiyo hiyo ya ndugu yake mmoja, Conus magus, imetoa dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, lakini hayo ni ya maabara, si ya mfuko wa kaptula.

#43 Msanga_Mkuu_Boy
Dada umenitisha, mimi huwa natia mfukoni kila kitu.

#44 DadaWaDispensari
Acha leo hii.

#45 KaskaziniKidogo
Nasoma kimya toka jana. Ticha, kwa nini unaruka Festilyria, jenasi nyingine ya voluti? Festilyria festiva wa Lamarck, 1811, naye ana mbavu, naye ana vistari vya kahawia vilivyokatika, na yuko upande wa Somalia. Na kusini kwetu, Msumbiji, kuna Festilyria duponti aliyepewa jina 1968. Mtwara ni mpakani. Kama wa kaskazini yupo na wa kusini yupo, huyu wa katikati kwa nini awe Lyria tu?

#46 TichaPwani
Swali zuri na nimelikwepa kweli. Jibu langu ni vile vikunyanzi saba juu ya mikunjo mikubwa. Lakini nakiri, nategemea maneno ya Binti bila picha.

#47 KomoroHadiKwetu
Na Lyria delessertiana mbona hatajwi? Yuko Madagaska, Komoro, Shelisheli. Komoro tunaiona kwa dua tu toka Mtwara. Nahodha angefurahi.

#48 TichaPwani
Huyo ni mdogo, karibu nusu ya huyu, na mnene zaidi. Sentimita 9.4 inamtoa.

#49 NahodhaMstaafu
Nimefurahi kutajwa hata kama nimeshindwa. Gogo langu halijazama lakini.

#50 BintiRuvula
Wakuu, siku ya nne ya mswaki. Ukoko umetoka upande mmoja wa ncha. Ni butu. Mviringo, laini, rangi ya maziwa, haina mbavu. Mbavu zinaanza mzunguko unaofuata, ghafla, kama mtu aliyeanza kuandika. Ukubwa wake kama punje ya mtama. Kwa hiyo Mitra hapana, Sadala unisamehe.

Nikampelekea mama mkubwa aone. Alilishika muda mrefu. Akasema ni kweli hajawahi kuliokota, lakini akiwa msichana, na bibi yake, usiku wa bamvua na kurunzi ya mafuta, waliwahi kumwona mmoja hai kwenye mchanga kati ya nyasi za bahari. Unyayo mpana kupita kombe, una madoa, anatembea akiwa amekumbatia chaza chini yake kama mama na mtoto. Bibi akamwambia mwache huyo, hana supu. Jina alilotaja bibi kalisahau. Amekuwa analitafuta toka juzi, anaamka usiku kunitajia, halafu anasema siyo hilo.

#51 MzeeWaMikindani
Mwambie asichoke. Mwulize kama lilikuwa na neno kinanda ndani yake, au zeze, au pia.

#52 Mchokoaji_Sudi
Nyasi za bahari, kina kifupi. Basi kaa wangu hakutoka kilindini.

#53 TichaPwani
Unyayo mpana, usiku, mchanga, anamfunika chaza kwa unyayo: hiyo ni tabia ya voluti kabisa. Mpe mama shikamoo yangu. Sasa naomba kitu kimoja kwa ajili ya KaskaziniKidogo. Rudia nguzo kwa tochi, polepole, toka chini kwenda juu. Mikubwa ni mitatu au minne?

#54 KaskaziniKidogo
Nasubiri.

#55 BintiRuvula
Mitatu nina hakika. Juu ya wa tatu kuna kitu kirefu kinachoingia ndani. Nimepitisha ukucha, mara unakwama, mara haukwami. Sijui kama ni mkunjo wa nne au ni vikunyanzi viwili vilivyoungana. Kesho mchana nitalitazama juani.